Betri Tuliyomwekea Daktari

Masikio ya mama yalitugharimu ng'ombe mmoja wa maziwa, na kwa kuwa ng'ombe huyo alikuwa na mimba, mimi huhesabu wawili. Ongeza mabati ya jikoni ambayo baba aliyaahidi tangu sijazaliwa na ambayo baada ya hapo hayakutajwa tena. Ongeza chai ya turungi, isiyo na maziwa, tuliyoinywa mpaka nikamaliza shule ya msingi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoishi nayo, na mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Wateja wangu wa mitumba pale sokoni Kakamega wanajua chenji yangu haipungui wala haizidi. Basi mwezi uliopita niligundua kuwa hesabu hii ya nyumbani nimeirudia miaka yote na bado kuna kitu kikubwa nilikiacha nje.

Nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya masikio. Kile kifaa chake cha kwanza cha kusikia kilikufa zamani, na watoto wake sasa tuna uwezo kidogo, tukasema mzee asiishi kimya mpaka mwisho. Binti aliyetuhudumia alikuwa na umri wa kifungua mimba wangu na alivaa koti jeupe lililomshinda mabega. Alipotaja bei nilimwuliza ya mwisho ni ngapi. Akaniangalia kama mtu aliyeomba punguzo la sadaka. Nikalipa, tena bila kupunguziwa, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia siku.

Halafu akafungua pakiti ya betri. Ni vitu vidogo, kama kifungo cha shati, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya rangi mgongoni. Mama alipoziona alifungua mkoba wake akatoa kikopo cha ile dawa ya kupaka kifuani, kikopo kitupu ambacho amekitunza tangu nikiwa mdogo, akakifungua na kukiweka mezani tayari. Harufu ikatoka. Miaka yote hiyo na bado ilikuwemo ile harufu ya baridi inayopanda puani mpaka machoni. Kwa watu wengine hiyo ni harufu ya mafua. Kwangu mimi ni harufu ya kusikizwa.

Binti akakitazama kikopo, kisha akaniambia mimi, maana mama alikuwa hajavishwa kifaa bado: "Anti, mwambie asikuwe anaziweka. Hizi zinafanya kazi na hewa. Ukishabandua hii karatasi, imeanza kuisha. Avae asivae, inaisha tu."

Nikamwuliza, na je, ukiirudisha karatasi?

"Hairudi. Hewa imeshaingia."

Nikamwuliza tena kama hata zile za zamani, za wakati sisi tukiwa watoto, zilikuwa hivyo. Akasema za aina hiyo zote, tangu zianze kutengenezwa. Mama akaniinulia kidevu, ndiyo ishara yake ya kuuliza huyu anasema nini. Nikamjibu kwa vidole kwamba tunaongea bei. Hilo hakulishangaa, ananijua.

Kwetu ni upande wa Malava, ukiiacha barabara ya lami unashuka na njia ya matrekta, miwa kulia, miwa kushoto, mpaka mahali ambapo udongo unakuwa mwekundu hivi hata kuku wanaonekana wamepakwa rangi. Siikumbuki sauti ya dunia ya mama kabla ya homa. Nilikuwa mdogo sana ilipompiga ile homa ya uti wa mgongo. Walikuwa wameshaanza kukusanyika nyumbani kwa namna ambayo watu hukusanyika msibani, lakini akaamka akaomba uji. Alikuwa mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Moja lilikwenda lote, lingine likabakiza kidogo, kama chai iliyobaki chini ya sufuria.

Ndugu yangu mdogo, Shikuku, alizaliwa baada ya homa. Kwa kuwa mama hangeweza kumsikia akilia, baba alisokota kamba laini ya katani, upande mmoja akaufunga kwenye kitanda kidogo cha fito alicholalia mtoto, upande wa pili kwenye mkono wa mama. Shikuku akirusha miguu, mkono wa mama unavutwa. Nakitaja kifaa hicho kwa sababu ndicho cha kwanza kuingia kwetu, hakikula chochote, na hakikukosa kazi hata siku moja.

Sisi wengine tulijifunza kuongea kwa mikono na nyuso, lugha yetu ya nyumbani ambayo hakuna jirani aliyeielewa. Mimi mama aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nilibeba jina la mamake baba; na kwa vile hakuzungumza sana kwa mdomo tena, jina hilo ndilo neno nililolisikia kutoka kwake kuliko mengine. Sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza njia. Ilipanda mahali isipopaswa, ikashuka ghafla. Watoto wa shule waliiga. Niliwauzia ngumi, na nilizitoa bei nafuu.

Ndipo wakaja watu fulani kwenye uwanja wa kanisa, wakafunga hema, wakapima masikio ya kila aliyejitokeza. Waliokuwa na uwezo wa kulipa kiasi walipewa mashine kwa bei ya msaada. Baba alirudi kutoka hemani akazunguka zizi mara kadhaa. Wiki iliyofuata ng'ombe akaondoka na mtu wa Webuye, na mama akaletewa kifaa cha rangi ya ngozi, lakini ngozi ya watu wa mbali, siyo ya kwetu, kikakaa nyuma ya sikio lake kama mdudu mweupe aliyepotea. Alipokiwasha mara ya kwanza kilipiga mbinja. Baba alisema jina langu, kwa sauti ya kawaida, akiwa nyuma yake. Mama akageuka.

Sijaona tena mtu akigeuka namna ile. Kwa ng'ombe wawili, nilifikiri, hii siyo bei mbaya.

Lakini pamoja na kifaa walitoa pakiti moja ya betri, mbegu sita zimekaa duara, na wakasema zikiisha tutafute Kisumu. Kisumu kwetu ilikuwa kama Ulaya, tofauti ni kwamba Ulaya angalau tulikuwa tumewahi kuona mtu aliyetoka huko. Baba akaziangalia zile betri kama mtu anayeangalia debe la mwisho la mahindi mwezi wa tano. Akasema hizi zitatumika kwa akili.

Na akili tuliyoijua sisi ni ya kuweka. Mafuta ya taa yaliwekwa kwa kuzima koroboi. Sabuni iliwekwa kwa kukatwa vipande na kuanikwa. Betri za redio zilitolewa zikawekwa juani zikapata nguvu za kusukuma taarifa ya habari moja zaidi. Kwa hivyo mama, akimaliza kusikia, alifungua kile kimlango kidogo cha mashine, akaitoa betri, akairudishia karatasi yake mgongoni, akaisugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ikalala sawasawa, akaifunika ndani ya kikopo cha dawa. Aliifanya kazi hiyo kwa unadhifu wa mtu anayemlaza mtoto. Hakuna aliyetuambia ni kosa. Pengine hemani walisema, kwa Kiingereza, ama walisema haraka; au walisema na mama hakusikia, jambo ambalo siku ile lisingekuwa ajabu.

Mimi nilikuwa na elimu yangu tofauti. Niliamini betri imejazwa maneno, kama gunia, na kila mtu akiongea na mama anachota. Neno refu linachota zaidi. Kupiga kelele ni kumwaga. Ile mbinja iliyotoka mama alipokuwa anakiingiza sikioni niliamini ni maneno yaliyozidi yanavuja, na mara nyingine niliweka kiganja karibu ili nisikie ni ya nani. Kwa hivyo nilijifundisha kufupisha. Mwenzangu angemwambia mamake, "Mama, mwalimu amesema kesho tuje na ufagio na asiyekuja nao atarudishwa nyumbani." Mimi nilikuja nikasema, "Ufagio. Kesho." Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtoto mkimya. Sikuwa mkimya, nilikuwa mwekevu.

Na kabla hata ya kusema hayo mawili, ilibidi kwanza ukubaliwe. Ukitaka kuongea na mama siku isiyo ya betri, ulisimama mbele yake ukagusa sikio lako. Yeye akainua kidevu: kuhusu nini? Ukaonyesha kwa mikono ukubwa wa jambo lenyewe. Mara nyingi alitikisa kichwa, akakuonyesha ulimalize kwa mikono hiyohiyo, na mkalimaliza. Mara chache alikwenda kwenye kikopo. Watu huniuliza nilisomea wapi kukaa na mteja mgumu bila kukasirika. Nilisomea hapo, kwa mama ambaye alikuwa anataka kunisikia kuliko nilivyotaka kusikizwa, na bado akanikatalia.

Betri ya kwanza ilidumu wiki chache tu. Tulikuwa tunaitumia jioni moja moja, tukaiona imekufa, tukahuzunika, tukasema tumeponda mali. Ya pili tukaiwekea Jumamosi na Jumapili. Nayo ikafa karibu muda uleule. Baba akaitisha mkutano, maana kila betri ilipokufa kwetu kulikuwa na mkutano, na mkutano ukaamua kwamba Jumapili mama aitoe mara tu mahubiri yakiisha, kabla ya ngoma za isukuti kuingia, kwa kuwa ngoma ni lazima zinakula sana. Mvua ikianza kupiga mabati, aitoe. Kakamega mvua huja kila alasiri kana kwamba imeajiriwa, kwa hivyo kanuni hiyo peke yake ilichukua nusu ya maisha. Na kila tulivyokaza, betri ilikufa palepale. Hatukuwahi kujiuliza mbona. Tulijiuliza ni nani amemwaga. Mimi nilimshuku katekista, ambaye sala zake za kufunga zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Webuye.

Wakati huo baba alikuwa anakata miwa upande wa Matungu pamoja na kikundi, anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Jumamosi akiwa na masizi ya miwa iliyochomwa kwenye mikunjo ya shingo, masizi ambayo hata akioga yalibaki kidogo, na harufu yake ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Alioga, akabadilisha shati, akakaa kibarazani kwenye kiti cha kukunja. Mama akaleta kikopo. Harufu ile ya baridi ikafunguka. Karatasi ikabanduliwa, mbinja ikapiga, na baba akaanza.

Alikuwa amejipanga wiki nzima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba huko mistarini mwa miwa alikuwa anaandaa Jumamosi, anachagua habari gani ife na gani ifike. Aliongea polepole, kwanza hivi, pili hivi: nani alijikata mguu, nani ameoa mke wa pili na sasa analala kwa lori. Mama alicheka kabla habari haijaisha, na baba alisimama kungoja kicheko kipite, huku mimi nikihesabu hasara ya kile kimya kinachokula betri. Alimwita mama watoto, kama wanaume wote wa kwetu. Alimaliza, akanyoosha mkono kuelekea sikio lake kama kumkumbusha. Mama akaitoa. Jioni yote iliyobaki walikaa bega kwa bega wakitazama miwa, na hakuna aliyesema kitu, kwa kuhurumiana.

Tulifika kwenye betri ya sita. Mtu aliyeahidi kutuletea nyingine kutoka Kisumu hakuja. Jumapili moja, mahubiri yakaisha, mama hakuinua mkono kuitoa. Nilimvuta gauni. Akanisukuma taratibu. Kabla ya homa alikuwa kwaya, nasikia ndiye aliyekuwa anaanzisha, na siku ile walianza wimbo ambao zamani ulikuwa wake. Akakaa nao mpaka mwisho, macho yamefungwa, mdomo unafuatisha bila kutoa sauti kwa sababu hakuiamini tena sauti yake. Isukuti zilipiga mpaka vumbi likatoka darini. Mimi nilikuwa nahesabu maneno yanavyomwagika.

Jumanne ya wiki hiyo baba alirudi. Jumanne siyo siku ya kurudi. Aliletwa na mwenzake kwa baiskeli, ameegemea mgongo wake kama mzigo wa kuni uliofungwa vibaya. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu mvua za kwanza na alikuwa amekinyamazia. Yule mwenzake alisema wameandikiwa kumwona daktari Alhamisi, na kwamba daktari huyo anaongea mara moja na harudii.

Hapo ndipo betri ya sita ilipopata mwenyewe. Mama aliishika, akanionyesha, akaonyesha kwa vidole koti refu na shingo yenye mirija: hii ni ya daktari. Akaibandika karatasi yake, akaisugua kwa ukucha zaidi ya kawaida, akafunga kikopo. Alitaka asikie mwenyewe. Hakutaka habari za mumewe zipitie kwa mtoto.

Jumatano alasiri, kabla ya mvua, baba alitaka kukaa nje. Tukamtoa na blanketi lake. Mama akakaa chini kando yake na ungo wa murere, ile mboga ya mlenda, akawa anachambua majani na kurusha vijiti. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na Shikuku mapajani. Na baba akaanza kuongea.

Mara ya kwanza nilifikiri amesahau. Nikasimama, nikagusa sikio langu, nikaelekeza ndani, kwamba nilete kikopo. Mama alikuwa ameinamia mboga, hakuona. Baba akaniona.

"Wacha, Kukhu," akasema. "Hiyo ni ya daktari. Haya nitamrudilia Jumamosi."

Kisha akaendelea. Aliongea muda mrefu, na hakupanga, hakuna kwanza wala pili. Nilikuwa mtoto, nilikuwa na mtoto mapajani, na Shikuku alikuwa anataka kula vijiti, sikushika yote. Alimweleza kuhusu bibi mmoja wa Matungu anayeuza ndizi ambaye anacheka kama yeye, na kwamba hupitia hapo hata kama hataki ndizi. Alimwambia ng'ombe yule hajawahi kumjutia. Akasema jambo kuhusu mto na mtungi na wimbo, la zamani, kabla yetu, nikamwona anatabasamu peke yake. Na alikuwa anamwita jina. Siyo mama watoto. Nafula, alisema. Nafula, wajua. Nafula, siku ile. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimwita mama jina lake la usichana, na kwa muda kidogo nilifikiri anaongea na mtu mwingine aliyesimama nyuma ya miwa.

Mama aliinua uso mara mbili tatu, akaona mdomo unatembea, akamtabasamia kama unavyomtabasamia mtu anayeimba mbali. Mara moja aliweka kiganja juu ya goti lake. Halafu mvua ikaja ikapiga mabati na baba akanyamaza, kwa mazoea.

Alhamisi tulikwenda wote watatu. Chumba cha daktari kilikuwa na harufu ya spiriti na viatu vilivyolowa. Daktari alikuwa na watu wengi nje na aliongea huku anaandika. Mama alimwomba kwa mkono asubiri kidogo, akafungua kikopo, akabandua karatasi, akaingiza betri, akafunga kimlango, akaweka sikioni. Tukangoja mbinja.

Hakukuwa na mbinja. Akaitoa, akaifuta kwenye gauni, akaipulizia pumzi ya moto, akairudisha. Daktari alikuwa ameshaanza. Nikamwona mama anaukimbiza mdomo wa daktari kwa macho, mdomo ambao ulikuwa unaelekea karatasini, na mkono wake uko nyuma ya sikio unabonyeza, unabonyeza. Daktari alipoona haelewi aligeukia kwangu. Alisema mapafu, akasema wamechelewa, akasema abaki. Nikamwambia mama kwa mikono yetu: baba, kulala, hapa. Hilo la kuchelewa sikuwa na ishara yake.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye bila baba. Ijumaa jioni walimtuma mtu kutuita, na alipofika kwenye njia ya matrekta mama alimwona anavyotembea akakaa chini palepale. Hakuhitaji kusikia.

Siku za matanga watu walikuja na maneno mengi, kama ilivyo desturi, na mama alikaa katikati yao katika ukimya wake. Ni siku ya kunyolewa nywele za msiba, nyumba ilipopunguka watu, ndipo aliponivuta karibu na kuniambia kwa mdomo, ile sauti inapanda na kushuka: "Kukhu, ni ule wimbo. Ule wa Jumapili ndio ulimaliza ya daktari."

Nilimwamini. Ilikuwa hesabu safi. Hata mimi ningehesabu vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo hajawahi kuvaa chochote sikioni kanisani. Huenda, hukaa, husimama wenzake wakisimama. Alikuja kupata betri nyingine chache kabla kifaa hakijafa, na zote alizitumia kwa mikutano ya shule yetu na kwa wanunuzi wa shamba. Nilipokuwa nimeshaolewa aliniuliza, siku moja tu, baba yenu alikuwa anasema nini alasiri ile. Nikampa nilichokuwa nacho: muuza ndizi, ng'ombe, mto. Nikampa jina lake. Halafu akasema kwamba yeye na baba walifanya vizuri kuiweka ile betri, kwamba walikuwa na akili moja, na aliyeharibu ni yeye na wimbo wake.

Sasa mnaona nilichoambiwa na yule binti wa koti jeupe. Wimbo haukumaliza kitu. Ngoma hazikumaliza kitu, wala katekista, naye huyo namwomba radhi. Betri ile ilikuwa inakufa ndani ya kikopo, karatasi imebandikwa vizuri mgongoni, na Alhamisi ingekuwa imekufa hata kama Jumapili nzima angekaa kimya. Lakini Jumatano haikuwa lazima iwe imekufa. Jumatano pengine ilibakiza kidogo, ya kutosha alasiri moja kabla ya mvua. Na zile siku zote zisizo za betri, na jioni zile za kutazama miwa bega kwa bega, angezisikia bure. Hicho ndicho nilichokiacha nje ya hesabu, na sijui kinapimwa kwa ng'ombe wangapi.

Ningeweza kuikalia habari hii mpaka nife, nina kifua cha kuweka siri. Tatizo ni kile kifaa kipya. Nimempelekea betri za kutosha, siku hizi zinapatikana mjini, hata mimi naweza kuzipunguziwa. Naye amezipanga kwenye kikopo. Nikifika Malava namkuta sikio tupu. Naonyesha mbona hujavaa, anainua kidevu.

"Ni jambo kubwa?" ananiuliza.

Namwambia hapana, nimekuja tu kukuona.

"Basi tuonane hivi," anasema, na anacheka, na ananikaribisha obusuma, ugali wa kwetu.

Nimemwambia betri ni nyingi. Anasema hata zile za kwanza tuliona ni nyingi. Shikuku amempigia kelele, amebembeleza, amemleta padri. Hakuna kinachomwingia, kwa sababu anajua kwa uhakika kilichotokea mara ile moja aliyoitumia kwa raha yake. Ili avae ni lazima nimwambie ukweli wa karatasi ile. Nikimwambia, ule wimbo utaondoka mabegani mwake baada ya miaka yote hii, na ninatamani hilo kuliko kitu chochote. Na dakika hiyohiyo atakumbuka mdomo wa baba ukitembea, yeye na ungo wake wa murere, na kikopo kiko ndani hatua chache. Yeye ni mwepesi wa hesabu kunishinda. Hatanihitaji nimalizie.

Nisipomwambia, atabaki na kimya ambacho tumekilipia tena.

Jumamosi nakwenda kwake. Nyinyi wa rika langu ambao bado mna wazazi, na mmewahi kulazimika kuwaambia kitu cha namna hii, nisaidieni. Sitaki hotuba, nina uzoefu wa kufupisha. Niambieni tu mlianza na sentensi gani, na je, mama nimwache kwanza avae, au nimwambie kwa mikono?